Dirisha la Yoeli

Sogea karibu, mwanangu, na hiyo simu iweke kando. Najua ukinijibu utanijibu kwa Kizulu, lakini leo sitaki majibu, nataka masikio. Juzi ulinuna kwa sababu kaka yako aliyeoa kule mtaa wa Mayfair alikuja hapa kwetu Berea, akakaa, akacheka, akanywa maji, lakini hakugusa nyama uliyompikia. Alipotoka ukasema, "Tangu asilimu anatuona sisi najisi." Nilinyamaza, maana mwenye hasira hamwagiwi maneno, hupewa muda. Leo umetulia. Basi nikusimulie Jumamosi moja ambayo nikiikumbuka moyo wangu huu wa kizee bado unaruka kama wa msichana.

Ilikuwa mwaka 2019, siku Afrika Kusini ilipocheza na Uingereza fainali ya raga kule Japani. Jiji letu zima lilikuwa limevaa kijani, rangi ya timu ya nchi hii. Wakati huo magoti yangu bado yalinitii, nikapanda teksi asubuhi kwenda Norwood, kazini kwangu kwa bibi tuliyemwita Gogo Hana. Gogo Hana alikuwa mama wa Kiyahudi, mjane, mdogo wa umbo, mkubwa wa sauti. Nilimhudumia miaka mingi, mimi mtu wa Kigoma ambaye kabla ya hapo nilikuwa nawajua Wayahudi wa kwenye Biblia tu.

Nikueleze taratibu, maana bila hili hutaelewa mengine. Wayahudi si kitu kimoja, kama sisi tusivyo kitu kimoja. Wako wanaoishika dini katika kila tonge na kila pumzi. Wako wanaosema, "Sisi ni Wayahudi kwa damu na kwa vichekesho vya bibi zetu, mambo ya sinagogi tumewaachia wengine." Na katikati wako kina Gogo Hana, wanaowasha mishumaa Ijumaa jioni na kusikiliza redio Jumamosi asubuhi.

Sasa Mungu akampa Gogo huyo wana wawili, mmoja wa kila upande.

Mkubwa, Rubeni, alivaa kofia nyeusi na alishika Sabato barabara. Kuanzia Ijumaa jua linapozama mpaka Jumamosi giza linapoingia haendeshi gari, hawashi taa, hagusi simu. Mdogo, Yoeli, alikuwa fundi wa vyombo vya muziki, hana kofia wala habari. Nyumba ilikuwa moja, kubwa, ya zamani. Baba yao alipofariki waliigawa: Rubeni na mkewe kushoto, Yoeli kulia, mama katikati. Nyuma wakajenga ukuta katikati ya uwanja, wa kimo cha kifua hivi, na chumba cha Gogo kikawa kinatazama pande zote mbili. Gogo alikuwa akisema, "Wenzangu wamepewa wajukuu wa kutazama, mimi nimepewa ukuta."

Ugomvi wao ulianza na keki, kabla hata ya huo ukuta. Yoeli alinunua keki nzuri kwa siku ya kuzaliwa ya mama yao, akaileta mezani mwenyewe. Rubeni hakula. Kwa sheria yao chakula kina masharti: nyama na maziwa havikai chungu kimoja, na jiko lisilolindwa hivyo, chakula chake hakiliwi. Keki ile ilitoka duka lisilolindwa. Rubeni angeweza kusema hayo kwa upole. Yeye akaisukuma sahani kwa kidole kimoja, hivi, kama mtu anayeondoa mende. Yoeli akaibeba keki yote na kuitupa kwenye pipa, na siku hiyo wakaacha kusemeshana.

Miaka ikapita. Kila Jumamosi Yoeli akitoa gari lake anapiga honi tatu chini ya dirisha la kaka yake. Rubeni anatoka kizingitini, anapaza sauti mtaa mzima usikie, "Sabato! Sabato!" Yoeli akirudi anachoma nyama ukutani kabisa, upepo upeleke moshi unakotakiwa. Huyu anamwita mwenzake "mpotevu," huyu anamwita mwenzake "Bwana Kofia." Mimi katikati nabeba chai ya Gogo, na Gogo anameza chai na machozi pamoja.

Kabla sijafika kwenye siku yenyewe, acha nikuchekeshe. Jumamosi yangu ya kwanza pale, Rubeni alikuja chumbani kwa mama yake akaniambia, "Mama Neema, humu leo kuna giza."

Nikatazama, nikasema, "Kweli, kuna giza." Nikaendelea kukunja mashuka.

Akakohoa. "Giza kubwa, Mama Neema."

"Mawingu hayo, Bwana Rubeni. Yatapita."

Akatoka ameduwaa. Gogo alicheka mpaka akashika ubavu. Ndipo aliponieleza kwamba mwanawe hawezi kuwasha taa siku ile wala kumwambia mtu, "Niwashie." Husema tu jambo lilivyo, na mwenye kuelewa anaelewa. Nikamwambia, "Gogo, kumbe ni fumbo! Hilo sisi ndiyo kwetu. Mkwe wangu haombi chumvi hata siku moja, husema, 'Mboga hii imekuja peke yake, mwenzake yuko wapi?'" Tangu siku hiyo nikawa bingwa wa mafumbo yao. Akisema kuna baridi, nawasha jiko. Akisema maji yamelala, nayachemsha.

Basi, Ijumaa ya kuamkia fainali, kabla jua halijazama, Gogo aliwaita wanawe wote wawili chumbani. Walisimama kila mmoja ukutani kwake kama wanaosubiri picha. Nikataka kutoka, Gogo akaniambia, "Kaa, Mama Neema. Nataka shahidi."

Akamgeukia Yoeli kwanza. "Wewe unajisifu umeachana na dini. Lakini sijamwona mtu anayeishika Sabato kama wewe. Kaka yako anaweza kuugua akakosa sinagogi. Wewe hujakosa Jumamosi hata moja kupiga honi!"

Nilizibia kicheko kwa upande wa kanga. Rubeni naye akatabasamu, jambo ambalo lilikuwa kosa.

"Na wewe unacheka nini? Mungu alipumzika siku ya saba. Imeandikwa wapi kwamba alipumzika hata kumsalimia ndugu yake?"

Kisha akatoa lile alilotuitia. "Jumatatu wakala wa nyumba anakuja. Nitaiuza nyumba hii na kwenda kwenye nyumba ya wazee. Huko nitakula na watu nisiowajua, lakini watakaa meza moja. Mkitaka nisiende, nataka kuwaona mezani kwangu wawili, kabla ya Jumatatu."

Walitoka, huyu kushoto, huyu kulia. Mwanangu, usiku ule sikuupata usingizi sawasawa. Ikiuzwa nyumba, kazi yangu imekwisha, na wewe ulikuwa bado shuleni.

Kumekucha Jumamosi. Rubeni alikwenda sinagogi mapema mno, akarudi mapema mno. Akatoa kiti, akakiweka uwanjani, akafungua kitabu chake. Kiti chenyewe, nikakiona, kimeegemea ukuta kabisa! Nilijua kwa nini. Gogo alishanieleza kwamba wale wawili walikuwa wakicheza raga pamoja shuleni, na baba yao alikuwa akiwabeba kwenda uwanjani wamepakwa rangi ya kijani mpaka masikioni. Televisheni kwa Rubeni haiwashwi Sabato. Lakini kelele za Yoeli, ambazo miaka yote alizilaani, leo alikuja kuzipokea kama mvua.

Na Yoeli siku hiyo alifanya nini? Maneno ya mama yalikuwa yamemwingia. Kwa mara ya kwanza hakupiga honi. Hakuchoma nyama. Alifunga madirisha yote, akavuta mapazia, akatazama mpira kwa sauti ya chini ili asimuudhi kaka yake!

Ee mwanangu, ungemwona Rubeni! Mtaa wote unalipuka. Jirani wa mbele, "Yeeee!" Jirani wa nyuma, "Aaaah!" Mtu hajui ni furaha au msiba, nani kapata, nani kakosa. Na jirani wa ukutani, damu yake mwenyewe, kimya kama kaburi. Kitabu cha Rubeni kilikuwa juu chini, nakuapia, na hakujua.

Mwishowe akaniona mlangoni kwa Gogo. Akasema kwa sauti ya kupita ukuta, "Mama Neema, upande ule leo kimya sana."

Mimi bingwa wa mafumbo nikaweka chini beseni la nguo nililobeba, niende kugonga kwa Yoeli. Gogo akanishika mkono. Akafungua dirisha lake kwa kishindo.

"Rubeni! Kufungua dirisha kumekatazwa Sabato?"

Rubeni akasimama. "Hapana, Mama."

"Ni moto?"

"Si moto."

"Ni umeme?"

"Hapana, Mama."

"Basi fumbo la nini? Taa nakuelewa, hiyo ni sheria yako na naiheshimu. Lakini dirisha unaruhusiwa kuliomba. Leo si Sabato iliyokufunga mdomo. Ni kiburi, kimevaa kofia yako. Omba!"

Nilimwona mtu mzima yule, ndevu mpaka kifuani, midomo inatetemeka kama ya mtoto aliyevunja chungu. Akaugeukia ukuta.

"Yoeli." Likatoka dogo. Akalirudia. "Yoeli! Nifungulie dirisha, ndugu yangu."

Pazia likasogea. Dirisha likafunguka. Yoeli akatoa kichwa, macho mekundu, na unajua alisema nini? "Nani mwenzangu? Bwana Kofia?"

"Yoeli!" Gogo akanguruma.

"Natania, Mama, natania!" Akaruka nje kwa dirisha lilelile, akaja mpaka ukutani. "Tunaongoza, Rubi. Tunaongoza! Wale Waingereza wanasukumwa kama mkokoteni!"

"Usiniambie kwa haraka. Anza mwanzo."

Na akaanza mwanzo. Kipindi cha pili chote Yoeli alikuwa mbio, ndani, nje, ndani, nje. Anatazama, anakimbilia ukutani, anaonyesha kwa mikono, anarudi. Rubeni hakuivuka sheria yake wala hakuingia kuitazama televisheni. Alisimama upande wake na kusimuliwa. Afrika Kusini ilipotua mpira nyuma ya mstari wa Waingereza mara ya kwanza, ndilo bao la raga, Yoeli alitoka bila sauti, imekauka, akawa anarukaruka tu na vidole juu. Rubeni akaelewa. Akatupa kofia hewani! Mara ya pili ilipotua, walikuwa wamekumbatiana juu ya ukuta, tofali zinawachoma mbavu, na Gogo dirishani anapiga sufuria kwa mwiko, nami nikapiga vigelegele vya Kigoma mpaka mbwa wa jirani akabweka. Jiji lote likapiga honi. Hakuna aliyesema "Sabato." Tukawa mabingwa wa dunia, na mimi nisiyejua sheria moja ya raga nililia kama aliyefunga ni mimi.

Lakini sikiliza, hapa ndipo palipo kiini. Jioni ilikuwa bado haijaingia, Gogo akaniambia niandae meza. Yoeli akasimama ukutani, amejishika kiuno, akauliza swali ambalo kama angeliuliza siku ya keki, ukuta ule usingejengwa.

"Rubi, ni kitu gani kutoka kwangu unaweza kula?"

Rubeni akamsogelea ukutani. "Tunda," akasema. "Tunda zima, lisilokatwa. Hilo ningekula kwako siku yoyote."

"Siku yoyote?"

"Siku yoyote. Hukuwahi kuniuliza."

"Na wewe hukuwahi kuniambia."

Yoeli akaenda, akarudi na bakuli la machungwa na ndizi. Wakakaa mezani kwa mama yao, huyu na kofia, huyu kichwa wazi, na Rubeni akalimenya chungwa la nduguye kwa mikono, maji yakimtiririka ndevuni. Gogo hakula kitu. Aliwatazama tu. Kisha akaniambia, "Mama Neema, Jumatatu yule wakala akija, mwambie amekosea nyumba."

Usidhani Yoeli alianza kusali, au Rubeni aliacha. La. Jumamosi zilizofuata Yoeli aliliegesha gari lake mtaa wa pili, akaondoka bila honi, na Rubeni alipomkuta njiani alimsalimia kwanza, neno la sheria hakumgusia. Walibaki kila mtu na lake. Ukuta pia ulibaki. Ila pale walipokumbatiana Yoeli aling'oa tofali kadhaa, ili bakuli lipite.

Wazee wetu walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Mimi nilivuna machungwa. Na mavuno yenyewe, mwanangu, ni haya. Mtu wa dini akikukatalia chakula, usikimbilie kusema amekukataa wewe, huenda amekatazwa chungu tu. Na wewe unayeshika dini, ukikatazwa chungu, usikisukume kwa kidole, sema kwa mdomo na mshukuru aliyepika. Usiifanye imani yako kuwa fimbo, wala uhuru wako usiufanye honi. Tena jichunguze kila unaponyamaza: ni sheria iliyokuzuia, au ni kiburi kimeazima nguo za sheria? Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kukaa na ukuta miaka mingi kwa ajili ya swali moja.

Mungu akupe mdomo mwepesi wa kuuliza na moyo mpana wa kupokea jibu. Akupe meza isiyopungukiwa na ndugu, na siku nikiondoka mimi, asikosekane kati ya niliowazaa wa kukuita "ndugu yangu".

Sasa ichukue hiyo simu uliyoiweka kando. Mpigie kaka yako wa Mayfair, na usimweleze lolote kuhusu juzi. Muulize tu, "Jumapili ukija, nikuandalie nini ule?"