Bi Hamida Anashuka Isumbi

Siku Hamida anaposwa, mama yake alikitazama kilima cha Isumbi akauliza, "Maji mwanangu atayatoa wapi?" Wazee waliokuja kuposa wakacheka.

Isumbi ni kijiji cha kale juu ya majabali, upande wa Kondoa. Mababu wa Uwesu, mumewe Hamida, walikijenga huko wakiwakimbia wavamizi wa mifugo. Kuingia ni kwa upenyo mwembamba kati ya mawe mawili: ng'ombe hupita mmoja mmoja, na adui vilevile. Ndani zimebanana nyumba za tembe, na katikati yake msikiti mdogo wa mawe. Operesheni Vijiji ya serikali iliwashusha watu wote kwenye vijiji vipya vya barabarani. Baadaye babaye Uwesu akarudi na jamaa wachache, lakini nao miaka ilivyokwenda wakachoka, wakashuka tena. Uwesu hakuchoka. Ila Uwesu hakuwa mteka maji.

Kisima kiko bondeni, na njia ile punda haiwezi. Hamida aliipanda na ndoo kichwani akiwa bibi harusi, akaipanda na mimba ya Nasra, akaipanda hata magoti yalipoanza kumuuma. Kila mwaka kabla ya mvua alipandisha na udongo wa kukandika paa, maana paa la tembe ni udongo juu ya miti, na ukilisahau linavuja. Jioni Uwesu aliketi barazani akiwasimulia wageni nani alijenga ukuta upi. Alisimulia vizuri. Hamida alipenda kumsikiliza, ila mara nyingi usingizi ulimchukua hadithi haijafika mwisho.

Uwesu akafariki, akazikwa huko juu kama alivyotaka. Hamida akakaa eda ndani ya tembe, na maji akawa anayapandisha binti yake Nasra, mwenye nyumba chini, jirani na bomba. Asubuhi moja Nasra alitua ndoo, akakaa chini hadi pumzi ikamrudia.

"Mama, uliwezaje?"

"Hakuna aliyeniuliza kama naweza."

Eda ilipokwisha, akaja Hilda, mama mmoja wa chama cha kuhifadhi mambo ya kale huko Dodoma mjini.

"Shikamoo, bibi. Pole kwa msiba."

"Marahaba, mwanangu. Tumeshapoa."

Hilda akamweleza kwamba kijiji kisipokuwa na mtu kitabomoka, na historia yote ipotee. Wangeweka kibao barabarani, wageni wangekuja. Walimwomba abaki.

"Na maji?"

"Hilo tutaliangalia, bibi."

"Watu wa hapa niliwapenda. Wanawake wao wengi nimewaosha kwa mikono hii kabla hawajazikwa. Lakini kijiji hiki kimekaa juu ya shingo yangu, mwanangu. Nimechoka. Nataka nilale mahali ambapo nikiamka sina cha kupandisha."

Hilda akavua viatu vyake vya mjini, akajitwika godoro, wakateremka pamoja na Nasra aliyebeba vyombo.

Mvua za mwaka ule zilikuwa kubwa. Nasra alipanda kutazama, akarudi akizungukazunguka na maneno, mpaka Hamida akamwambia aseme.

"Paa limeanguka, mama. Lote."

"Msikiti?"

"Umesimama."

Hamida akaitikia kwa kichwa. Kisha akalia, wala si kwa ajili ya nyumba. Aliulilia ule udongo wote alioupandisha.

Kiangazi Hilda alileta wageni. Hamida aliwakalisha mkekani uani kwa Nasra, akawasimulia Isumbi yote: wavamizi, upenyo, operesheni, kuta na wajenzi wake. Safari hii alifika mwisho. Walipomwomba awasindikize juu, akawaonyesha njia kwa mkono, akawatakia safari njema. Halafu akajinyoosha palepale mkekani, akalala mpaka adhana ya alasiri.