Kitambaa cha Wapima Ramani

Shangazi yangu Mwahija aliogopa vitu viwili tu, mamba na mizimu. Mumewe, Kibwana, alimtania kwamba hata kaa wa mikokoni yeye humwomba ruhusa kabla ya kumkamata.

Mwaka ule Waingereza walikuja kuchora ramani ya mdomo wa Matandu, pale mto unapogawanyika vijito vingi kabla ya kuingia baharini. Kibwana alikuwa mkwezi wa minazi kutoka Pande, mikoko hakuijua, lakini akapata kazi ya kuburuta mnyororo wa kupimia pamoja na Leonadi, kijana wa Rutamba. Nyumbani hakueleza kitu. Wanaume wa siku zile walirudi, wakala, wakalala, basi.

Siku ya bamvua, maji yanapokupwa mbali na kujaa sana, Mwahija alikwenda kutafuta kaa. Kwenye nguzo karibu na nchi kavu akakuta kitambaa cheupe. Kwetu kitambaa cheupe ni nadhiri ya mzimu, na hiki kilifungwa njiani, mahali watu wanapojisaidia. Moyo ukamwenda mbio. Nani huyu anayetutafutia balaa? Akakifungua kwa adabu, akaingia nacho ndani mpaka kwenye mkoko mkubwa wa mzimu, ukingoni mwa kijito chenye kina kirefu, akakifunga juu kabisa. Akatoka roho imetulia.

Ufukweni alimkuta Salumu, mwenye mtumbwi wa wapima ramani, akihangaika.

"Shemeji, kitambaa chetu cheupe hukukiona? Kina Kibwana bado wamo ndani, na ndicho wanachokifuata kutokea."

Maji yalikuwa yameshaanza kujaa. Alirudi mikokoni mbio, tope likimfika magotini, na kila maji yalipopanda aliona mumewe anakufa kwa mkono wake. Mikokoni haliitwi jina la mtu kwa sauti, kisije kikaitika kitu kingine. Aliliita. Alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka.

"Kibwana! Usikifuate kitambaa! Njoo huku!"

Hatimaye matawi yakatikisika. Kibwana akatokea, maji kifuani, anatetemeka. Mwahija alimkumbatia akicheka na kulia.

"Alhamdulillahi! Alhamdulillahi!"

Kisha akatazama nyuma ya mumewe.

"Leonadi yuko wapi?"

"Alinitangulia," alisema Kibwana. "Nilipokusikia nilimwita turudi. Akasema kitambaa anakiona, kiko pale pale, mbele yake."