Mkate Nilioupeleka Handeni

Nakumbuka siku moja ya Idi, mwanangu, nilipanda lori la kwenda Handeni nimepakata mkate usiokuwa wangu, na furaha niliyokuwa nayo hata leo nikiisimulia miguu inanicheza. Usinicheke. Wewe unaniona bibi wa kukaa mkekani na kulalamikia magoti, lakini wakati ule nilikuwa binti wa miaka kumi na minane, mchumba wa mtu, na sikujua kutembea. Nilikuwa nakimbia tu.

Tulikuwa tunakaa Korogwe, pale Masuguru. Mwingereza ndiye aliyetawala, vita kubwa ilikuwa imekwisha miaka michache tu, na sukari nyeupe ilikuwa bado ya kupangia foleni, kwa hiyo watu wengi walipikia sikukuu zao sukari guru ya miwa. Baba yangu alikuwa fundi wa korona, ile mashine ya kuchana mkonge. Mchumba wangu, Salehe, alikuwa wa Handeni, mtoto wa mwalimu wa madrasa. Na mama yake, Bi Hadija, alijulikana kwa mambo mawili: kupika vizuri, na kutokula chakula kilichopikwa ovyo hata kama amekaribishwa kwa ngoma.

Sasa, desturi yetu ilikuwa hii. Idi ya kwanza baada ya posa, binti hupeleka sinia kwa mama mkwe mtarajiwa. Si sinia la mama yake wala la shangazi yake, la mikono yake mwenyewe. Na katikati ya sinia lazima ukae mkate wa kumimina. Vitumbua vikiharibika, utachagua vizuri uvipange juu. Pilau ikishika chini, utapakua ya juu. Lakini mkate ni mmoja, ama umepanda ama haukupanda, na kila mtu anauona.

Nilianza kazi alfajiri ya Idi Mosi. Mchele nilikuwa nimeuloweka tangu jana yake, nikautwanga na kuuchekecha, nikakamua tui la nazi mbili, nikatia sukari, iliki ya milimani, na hamira ya kopo kutoka dukani. Ukaumuka vizuri mno! Nikaumimina kwenye sufuria yenye samli ya moto, nikaweka makaa chini na makaa juu ya mfuniko. Hapo, mwanangu, kazi ya mpishi ni kukaa kitako na kungoja. Mimi ningekaaje? Nikafunua nione. Umepanda! Nikapiga kigelegele peke yangu, nikafunika. Nikafunua tena. Mara ya sita majivu yakaingia, baridi ikaingia, na mkate ukakaa chini kama mtu aliyeletewa habari mbaya.

Nilitaka kulia lakini muda wa kulia haukuwepo. Lori lilikuwa linaondoka baada ya adhuhuri. Mama alikuwa uani na masufuria ya wageni, na Shangazi Mwajuma, aliyekuwa anisindikize, alikuwa chumbani anavaa tangu asubuhi. Nikawaza nyumba ya jirani.

Jirani yetu aliitwa Mama Eliza, Mshambaa, mjane na Mkristo, aliyeteremka kutoka milimani na marehemu mumewe kufuata kazi ya mkonge. Kila Idi alituletea mkate, nasi kila Krismasi tulimpelekea sinia la pilau. Jumapili ya wiki ile mjukuu wake alikuwa anabatizwa, na harufu ya mapishi yake ilikuwa imetutesa tangu jana. Nikaingia jikoni kwake kwa mlango wa uani, nikabisha hodi, kimya. Alikuwa amekwenda kuteka maji. Juu ya kichanja mikate minne ya kumimina ilikuwa inapoa: mmoja mdogo umefunikwa kitambaa cheupe, na mitatu mikubwa, rangi ya asali, imepanda mpaka imeota kitambi.

Nikachukua mkubwa. Nilijiambia, nitamwambia nikirudi. Neno hilo, "nitamwambia nikirudi", limeharibu watu wengi kuliko unavyodhani.

Tukapanda lori, tukavuka daraja la Mto Pangani, vumbi jekundu nyuma yetu. Shangazi akainua kawa lililofunika sinia, akanusa, akanitazama kwa macho mapya. "Zaina, mikono hii umeitoa wapi?" Nikacheka tu. Kucheka si uongo, ndivyo nilivyojidanganya mpaka Handeni.

Na Handeni ikawa sherehe! Nilipopiga goti na kusema shikamoo mama, Bi Hadija aliitika marahaba huku macho yake yako kwenye sinia. Akakata kipande. Akatafuna polepole, sisi wote hatupumui. Kisha akafanya jambo ambalo mabinti wa Handeni walinisimulia baadaye kuwa hawajawahi kuliona: akakata cha pili. Akaita majirani. Akampelekea mumewe, Mwalimu, barazani. Akakata vipande vidogo akavituma nyumba hii na nyumba ile, na kila kilipofika, vigelegele vilirudi. Mwanangu, sifa ni tamu kuliko sukari guru! Nilihisi nimekuwa mrefu.

"Mkate huu umeuumua kwa kitu gani, binti yangu?" akaniuliza mbele ya watu. "Una utamu fulani siujui."

"Hamira ya dukani, mama," nikasema bila hata kumeza mate.

"Basi siku ya arusi, mkate wa wageni utaupika wewe, na mimi nitakaa nikutazame."

Watu wakashangilia. Hapo ndipo nilipoanza kuona nilichokifanya. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako, na mimi nilikuwa nimeazima bila hata kumuuliza mwenye nguo.

Tulilala kwa jamaa yetu, tukarudi Korogwe Idi Pili. Sijakung'uta hata vumbi, Mama Eliza huyo mlangoni, ameshika ule mkate mdogo wenye kitambaa cheupe.

"Mkono wa Idi, majirani, mnisamehe nimechelewa," akamwambia mama yangu. "Huu ni wenu, nimeumua kwa hamira ya kopo, maana nyumba yenu naijua. Ile mitatu ya ubatizo niliumua kwa boha, na mmoja siuoni tangu jana. Mkate si shida, nitapika mwingine. Naogopa tu asije akawa ameuchukua mtu wa kufunga na kuswali, akala asichokijua."

Boha, kama hujapata kuisikia, ni pombe ya miwa. Mama yangu alimpa pole na kumshukuru. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake, na masikio yangu yalikuwa yamewaka moto. Bi Hadija! Mwalimu wa madrasa! Siku ya Idi, baada ya mwezi mzima wa kufunga, nimewalisha pombe kwa mkono wangu na kupokea vigelegele.

Nilimfuata Mama Eliza mpaka jikoni kwake nikamwambia yote. Nilitegemea anipige. Alikaa kwenye kigoda chake, akasema maneno ambayo nimeishi nayo.

"Zaina mwanangu, umeniibia mkate, na huo nimekusamehe hapa hapa. Ungeniomba ningekupa, na ningekuambia kilichomo. Lakini wale watu umewaibia vinywa vyao. Mtu mzima hana kitu cha kwake kuliko kinywa chake. Yeye ndiye anayeamua kiingie nini na kitoke nini. Wewe umewaamulia, na tena kwa siri."

"Nifanye nini, Mama Eliza?"

"Unajua la kufanya. Unachotaka ni mtu wa kukuambia usilifanye."

Na mtu huyo alikuwepo, mwanangu. Shangazi Mwajuma, Mungu amrehemu, aliposikia habari hizo alinivuta pembeni. "Una wazimu? Walikula, wakafurahi, hakuna aliyelewa. Funika kombe mwanaharamu apite. Ukisema, posa itarudi, na sisi sote tutatembea na kanga usoni." Sikumlaumu, maana hata moyo wangu ulisema hivyo hivyo. Nilimpenda Salehe. Nilikuwa nimeshaanza kuhesabu siku. Na nilijua wazi kwamba kwa mtu kama Bi Hadija, neno hili lingetosha kabisa kuvunja kila kitu.

Lakini nikajiuliza, nitaingiaje kwenye nyumba ile na kula naye kila siku, nikimwona anainua mikono kuomba dua, na mimi najua? Njia ya mwongo ni fupi, ila mimi niliiona yangu itakuwa ndefu mno, ya miaka na miaka. Kesho yake nikapanda lori tena. Shangazi alikuja, akinuna njia nzima. Safari hii sikuwa na sinia, mikono mitupu.

Bi Hadija alikuwa anachambua mchele. Alifurahi kuniona, akaniita mpishi wangu, akanivutia mkeka. Sikukaa. Nikasema yote kwa pumzi moja, nisije nikaogopa katikati: mkate wangu ulikaa chini, ule haukuwa wangu, niliuchukua bila ruhusa, uliumuliwa kwa boha, na hamira ya dukani ilikuwa uongo.

Ungo ukabaki mapajani mwake. Kisha akaita, "Mwalimu! Njoo usikie."

Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza swali moja. "Ulipotuletea, ulijua kuna boha?"

"Sikujua. Lakini nilijua si wangu."

"Sisi tulikula bila kujua, na Mungu hamwadhibu mtu kwa asilolijua. Wewe leo umejua, na ukiondoka bila kuwaambia na wengine waliokula, hapo ndipo mzigo utakapokuwa wako." Akarudi barazani kwake taratibu.

Bi Hadija akasimama, akajifunga kanga. "Vipande vilikwenda nyumba saba," akasema. "Twende."

Haya, nikuambie, mwanangu: nimejifungua watoto sita, lakini sijapata kuona uchungu kama ule wa kutembea nyumba saba. Kila nyumba hodi, kila nyumba shikamoo, kila nyumba nyuso zinachangamka, "Karibu mpishi!" na mimi hapo hapo nawaambia mimi si mpishi, ni mwizi na mwongo, na mlichokula kilikuwa na pombe, nawaomba radhi. Bi Hadija alisimama kando yangu kila mlango, hakunisaidia hata neno moja. Nyumba ya tatu mama mmoja alifunga mlango bila kunijibu, na mpaka alipohama Handeni hakupata kula kitu nilichokigusa. Ilikuwa haki yake. Nyumba ya tano mzee mmoja aliyekuwa na maradhi ya goti alisikiliza, akakuna kidevu, akasema, "Ndiyo maana usiku ule nililala fofofo!" Mkewe akamfinya mpaka akaruka. Mimi nikacheka na kulia kwa pamoja, na nilipogeuka nikamwona Bi Hadija ameziba mdomo kwa kanga, mabega yanatikisika.

Tulipotoka nyumba ya saba nilikuwa nimechoka kama niliyekata mkonge kutwa. Nikamwambia, "Mama, najua posa itarudi. Nilitaka tu usikie kwangu, usije ukasikia kwa watu."

Akasimama njiani. "Nina wana wanne wa kiume," akasema. "Nimekuwa nikiogopa siku nitakayozeeka, macho yafe, meno yaishe, nilishwe na mkono wa mke wa mwanangu, nisijue ninacholishwa. Kupika nitakufundisha mimi, kwa mwaka mmoja utapika kuliko mimi. Lakini kurudi hapa leo, hilo nisingeweza kukufundisha." Akanishika mkono, jinsi mama anavyomshika mtoto wake sokoni, tukarudi nyumbani.

Niliolewa baada ya mavuno. Na Bi Hadija, macho yalipokufa kweli, mimi ndiye niliyemlisha, miaka tisa. Kila tonge nilimwambia, mama, hiki ni samaki, hiki ni muhogo wa nazi, hiki kina pilipili kidogo. Hakupata kuniuliza. Alifungua kinywa tu.

Basi, mwanangu, unataka kufungua jiko lako na mkono wako umeanza kusifiwa, nami nimefurahi mpaka nimekusimulia aibu yangu. Yashike haya. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, kwa hiyo sifa zikija zipokee na uzisahau. Mkate wako ukikaa chini, upeleke hivyo hivyo umekaa chini, watu watacheka na watakula. Usichukue cha mtu ukakiita chako. Mtu akikuuliza umetia nini, mwambie chote, hata kama ni siri iliyokupa jina, maana yawezekana anauliza kwa ajili ya dini yake, au maradhi yake, au mimba aliyoibeba, na wewe hujui. Na ukikosea, maana utakosea, usingoje kurudi ndipo useme. Sema ukiwa bado umesimama mlangoni.

Sogea karibu nikuwekee mkono kichwani. Mungu akujalie unga usiokwisha na wageni wasiokoma. Akujalie mama mkwe wa kucheka naye. Na kila atakayeketi kula kwako, awe mkubwa au mdogo, wa dini yako au ya mwenzio, Mungu amjalie ale amefumba macho, na asijute. Amina.