Barua ya Kuthibitisha Kwamba Atarudi

Chumba chetu cha kushonea kina dirisha moja, na dirisha lenyewe limezibwa na majora ya kitambaa cha sare. Ukitaka kujua kama nje kunanyesha, unangoja mteja aingie umtazame mabega. Humo ndimo tulimozeekea mimi na Mama Kola, cherehani yangu ikitazamana na yake. Jina hilo tulimpa sisi, kwa sababu hakuna anayegeuza kola ya shati la shule ikakaa kama anavyoigeuza yeye. Kola zetu wengine huinama kama zimepata habari mbaya.

Ni mtu ambaye hajawahi kwenda mahali kwa haja yake. Hospitali alikwenda kwa ajili ya mama mkwe, stesheni alikwenda kumpokea wifi yake, benki alikwenda kufuatilia pensheni ya mumewe. Kwa hiyo siku aliponiambia anaomba viza, nilisimamisha cherehani katikati ya mshono.

"Ya kwenda wapi?"

"Kwa mwanangu. Anajifungua."

Binti yake, mtoto wake wa pekee, anaishi ng'ambo, na mumewe ni baharia ambaye hukaa majini miezi mingi. Mimba ya kwanza iliharibika binti akiwa peke yake. Alijipeleka hospitali kwa basi, akarudi kwa basi, ndipo akampigia mama yake simu. Mama Kola alilia wiki nzima akishona, na mashati ya wiki ile yalikuwa na mishono iliyonyooka kuliko yote aliyowahi kushona. Sasa mimba ilikuwa imekua, na alikuwa amemwahidi mtoto wake: safari hii nitakuwepo.

"Nitakwenda, shoga yangu. Hata kwa kutambaa."

Alianza na picha. Mpiga picha akamwambia asitabasamu, arudishe kitambaa nyuma, masikio yaonekane. Ikatoka sura ya mtu anayetafutwa kwa wizi wa kuku. Tulicheka mpaka bosi akachungulia. Kisha zikaja karatasi nyingine, za benki na za kazini, na zote zikapatikana. Lililombana ni moja tu: athibitishe kwamba akiruhusiwa kuingia, atatoka na kurudi kwao.

"Nitathibitishaje jambo ambalo bado sijalifanya?" aliniuliza. Aliyekuwa na jibu alikuwa shemeji yake.

Huyu shemeji, mdogo wa mumewe, alikuwa karani, na mpaka leo barua zote za ukoo huandika yeye. Mtaani tunamwita Bwana Kwa Kuwa, maana hata akiomba chumvi huanza na "kwa kuwa." Jumapili moja alasiri akaitisha kikao sebuleni kwa kaka yake. Mimi niliingia kwa tiketi ya barua ya kazini, niliyokuwa nimetumwa kuileta, nikakaa karibu na mlango.

"Shemeji," akasema huku akifungua kalamu, "wale watu hawana shida na unachokwenda kufanya. Wanataka kujua huku umefungwa na kamba gani. Kila mmoja hapa ataje kamba yake."

Mumewe, fundi saa aliyestaafu, alianza. Akasema dawa zake za presha hazijui hata rangi, humezeshwa na mkewe. Wifi, mwenye saluni hapo nje, akasema mama yao mzee hali chakula ila kwa mkono wa mke wa kaka. Bwana Kwa Kuwa akaongeza kwamba bila mama huyu nyumba haisimami. Mimi niliguna. Bibi yule, mama mkwe wake, akili zake huja na kwenda, lakini tumbo lake halijawahi kwenda popote. Mimi mwenyewe nimemlisha supu akaniomba nyingine, na akaniita kwa jina la dada yake aliyekufa. Lakini nani asikilize mguno wa mgeni?

Nilimtazama Mama Kola. Uso ulikuwa umemchanua. Tangu aolewe alikuwa hajaambiwa hata chai imekolea, na leo anaambiwa yeye ndiye nguzo ya nyumba. Akawa anafuta machozi kwa ncha ya khanga na kusema, "Jamani, mnazidisha." Walikuwa wanamvika kilemba cha ukoka, naye akainamisha kichwa kivalishwe vizuri.

Siku ya usaili ubalozini nilimsindikiza. Getini walinzi waliiweka simu yake kwenye kasha, wakamwongoza kwenye foleni iliyopita kati ya vyuma viwili, upana wa mtu mmoja. Mimi nikabaki nje ya uzio. Alivyonisimulia, kulikuwa na dada nyuma ya kioo kinene, akisoma ile barua ya Bwana Kwa Kuwa mstari kwa mstari.

"Barua inasema mama mkwe wako hali bila wewe. Ukiwa huko, atalishwa na nani?"

Mama Kola akasema jasho lilimshuka mpaka kwenye viatu. Akisema wapo wa kumlisha, barua ni ya uongo. Akisema hawapo, basi anaondokaje?

"Ndiyo maana nitarudi upesi," alijibu.

Yule dada akamtazama kidogo, akaigongea barua muhuri, akamwambia angoje. Na viza ikatoka. Ya siku chache, ya kuingia mara moja, lakini ilitoka. Binti akatuma tiketi. Chumbani kwetu tulipiga vigelegele, bosi akachungulia tena, safari hii akacheka na yeye.

Wahenga walisema penye wazee hapaharibiki neno. Hawakuhudhuria vikao vya nyumba ile.

Mambo yalianza polepole. Kwanza mumewe alisahau dawa, akasikia kizunguzungu bafuni. Mzee aliyekuwa akitengeneza saa ndogo kama kunde sasa eti hawezi kutofautisha kidonge cheupe na cha njano. Kisha wifi akajaribu kumlisha mama yake, bibi akageuza uso mara moja tu, pengine kwa sababu chakula kilikuwa cha moto. Wifi akaweka bakuli chini.

"Si mnaona? Si ndivyo tulivyoandika?"

Barua ilikuwa imeshasomwa na kupigiwa muhuri, na kitu chenye muhuri nyumbani kwao hakibishiwi. Waliyasema yale ili apate kuondoka, kisha wakayaamini. Bwana Kwa Kuwa akaitisha kikao kingine.

"Kwa kuwa tumeithibitishia ofisi ya watu kwamba shemeji haachiki," akasema, bila haya hata chembe, "akiachika kirahisi hivi tutaonekana waongo. Asogeze safari mbele kidogo, hali itulie."

Akasogeza mbele kidogo. Tiketi ikabadilishwa, ikabadilishwa tena. Nilimpandishia sauti, nakiri nilikuwa na hasira.

"Beba sanduku uondoke! Hakuna atakayekufa!"

"Na akifa?" akanijibu. "Mzee akianguka nikiwa huko, nitaishi wapi mimi? Kila msiba watanitazama."

Kisha akanong'ona, sindano ikiwa bado mdomoni. "Unajua kinachoniuma? Waliponisifu, nilifurahi. Nilifurahi sana."

Nikaendelea kukata uzi.

Muda wa viza ukaisha. Haukumgongea mtu mlango, uliisha tu. Mumewe presha ikatulia wiki ileile. Kazini akaombewa ruhusa ya kushonea nyumbani, awe karibu na bibi, na mimi nikawa nampelekea kola kwenye mfuko. Hata ule mwanga kidogo wa dirisha letu lililozibwa ukampotea. Chumba anamoshonea sasa ndimo alimolala bibi, kitanda upande huu, cherehani upande ule, na katikati nafasi ya kupita na bakuli.

Nilikuwepo simu ilipoingia. Ilikuwa mchana, nimekuja na kola, yeye amekaa ukingoni mwa kitanda akimlisha bibi. Akaniambia nimshikie simu, mikono yake ina kazi. Kwenye kioo akatokea binti, nywele zimemshikana usoni kwa jasho, midomo imekauka. Nyuma yake ukuta mweupe na kiti kitupu.

"Mama, ni msichana. Tumepona wote."

"Alhamdu... mwanangu. Nani yuko na wewe?"

"Hakuna mtu. Nesi alikuwepo, ametoka." Akajaribu kutabasamu. "Si neno, mama. Usilie basi."

Akageuza simu, tukamwona mtoto, mwekundu, ngumi juu, analia kwa nguvu zake zote. Sauti ikajaa chumbani. Mama Kola alitulia na kijiko hewani, supu ikidondoka kwenye shuka.

Bibi akafungua macho. Siku hiyo akili zilikuwa zimekuja.

"Mtoto wa nani huyo analia?"

"Wa mwanangu, mama. Amejifungua."

"Yuko peke yake?"

"Yuko peke yake."

Bibi akamtazama mkaza mwanawe kama anamwona mjinga.

"Sasa wewe umekaa hapa unafanya nini? Nenda kwa mwanao."

Mama Kola alinitazama mimi, akaitazama simu, mtoto bado analia. Kisha akachota kijiko kingine, akakipuliza.

"Fungua mdomo, mama," akasema. "Kitapoa."