Mtumbwi Ulioandikwa Taka

Ni watu wachache niliowadharau maishani kama ninavyomdharau yule bwana wa kanuni. Alikuja bwawani mwishoni mwa kiangazi, amevaa viatu vyeusi vinavyong'aa, akasimama pale barabara ya vumbi inapoishia na kukataa katakata kukanyaga tope. Ukaguzi wote wa vyombo vya majini aliufanyia hapo, kwa kunyoosha kidole.

Wiki hiyo nilikuwa nimetoka nyumbani Area D, mjini Dodoma, nimekimbia mswada wa kitabu ulionishinda, nikaenda kukaa kwa mjomba. Mjomba ni Mgogo aliyekulia nyuma ya ng'ombe. Ukame ulipowamaliza akajifunza maji ukubwani, kwa wavuvi waliohamia kutoka kanda ya ziwa. Mtumbwi wake wa mbao ndio uliolisha nyumba: siku nyingi kwa samaki, na siku za gulio kwa kuwavusha akina mama wanaoteremka kutoka Kibakwe na magunia ya maharage. Sasa tangazo lilisema kwamba chombo kisicho na namba ya kibali ubavuni hakitaingia tena majini.

Ofisa alizisoma kanuni kwa sauti ya mtu anayetaja majina ya waliofaulu. Mtumbwi usiofika mita sita hautapewa namba. Kila chombo kiwe na ndoo ya haja yenye mfuniko, na ndoo hiyo imwagwe kwenye kituo cha kupokelea taka. Kituo chenyewe hakikuwepo. Chombo chochote kilichotelekezwa majini ni taka, na mwenyewe atakiondoa.

"Bosi," aliuliza mama mmoja muuza samaki, "yaani nikalie ndoo mbele ya shemeji zangu, katikati ya bwawa?"

"Utajifunika kanga."

"Na kiboko naye atajifunika nini?"

Watu wakaangua kicheko. Ofisa alimaliza maji yake ya kunywa, akaitupa chupa nyuma bila kuangalia, ikabiringika mpaka kwenye tope. Ukurasa wa kanuni aliukunja vizuri, akautia mfukoni.

Kisha kidole chake kikauona mtumbwi wa mjomba.

Kiangazi kikikaza, bwawa letu hurudi nyuma na kuacha udongo uliopasuka kama kisigino. Mtumbwi ukiachwa juani, mbao hujikunja, misumari hulegea, na pamba iliyojazwa kwenye maungio hudondoka. Kwa hiyo mtumbwi usio na kazi huzamishwa makusudi. Unajazwa mawe na kulazwa kwenye maji ya kiunoni, mbao zinakunywa taratibu, mpaka siku utakapohitajika. Juma hilo mjomba alikuwa anashona nyavu, na wake ulikuwa umelala. Asubuhi nilipenda kuutazama kutoka juu, umetulia chini ya maji ya rangi ya chai, samaki wadogo wakiingia na kutoka kama wapangaji.

"Ule uliozama ni wa nani?"

"Wangu, mheshimiwa. Haujazama, nimeuzamisha."

"Kuna tofauti gani?"

"Ya aliyelala na aliyekufa, mheshimiwa."

Ofisa alikuwa ameshaandika. Chombo kilichotelekezwa. Taka. Mjomba alimweleza habari ya jua na mbao, kwa heshima ambayo mpaka leo inaniuma.

"Mzee wangu, mimi haya nimeyasomea," alijibu. "Utoe, ukauke, kesho nakuja kuupima. Ukifika kipimo nakufutia. Sipimi chombo kilicholowa."

"Ukikauka utapasuka."

"Siku moja tu, mzee! Mbao gani hiyo inayopasuka kwa siku moja?"

Wanaume sita waliutoa, wakauweka juu ya mawe karibu na barabara. Kesho yake ofisa hakuja. Keshokutwa hakuja. Mjomba na mkewe waliufunika kwa magunia, wakabeba maji kwa ndoo kuyalowesha, na upepo wa Dodoma ukayakausha kabla hawajarudi na ndoo nyingine. Mchana tulizisikia mbao zikialika kwa mlio, moja moja, kama vidole.

"Turudishe majini, mjomba," nilimsihi.

"Akiukuta humo tena ataandika mara ya pili, mwanangu. Huyu anapenda kuandika."

Siku ya tano akaja. Alikuwa na kikao, alisema. Akavuta futi yake: mita sita, na shibiri moja ya ziada. Mjomba alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu nifike.

"Shusha nione unavyoelea, ndipo nikupe namba."

Tukaushusha. Maji yaliingia kwenye kila ungio, na mjomba alipoinama kuyakumba kwa kopo, ubao wa chini ukapasuka kufuata mstari wa misumari, kutoka mbele mpaka katikati.

"Unaona?" ofisa alisema. Alifurahi kweli. "Siku ile niliandika nini?"

Akatoa fomu. Mjomba aweke sahihi kwamba ataondoa taka yake. Mjomba aliisoma yote, polepole, maji yakimchuruzika suruali.

"Andika mtumbwi, nitasaini."

"Fomu haina mtumbwi. Ina taka ngumu, taka maji na nyinginezo."

"Andika mtumbwi."

"Usiposaini, mzee, hutapewa namba ya chombo kingine chochote."

Mkewe alimgusa kiwiko. Mimi pia nilitaka asaini, naona aibu kukiri. Mjomba alirudisha kalamu, kwa mikono miwili, kama anavyompa kitu mtu yeyote.

Niliporudi mjini niliwasimulia wenzangu tunaosomeana miswada. Mmoja akafumba macho na kusema ni sitiari nzuri sana. Nikamdharau naye. Hakukuwa na sitiari pale. Palikuwa na mbao, misumari na pamba, na mwenye navyo sasa analima alizeti Mlali kwenye shamba la mkwewe, kutwa nzima juani.