Salamu ya Kidevu

«Kidevu, Émérance. Mutoto wa bantu ananisalimia na kidevu, sawa mbuzi anaonyesha mwenzake majani. Na ni weye njo ulimufundisha.»

Émérance aliendelea kusonga bugali bila kugeuka. Dada yake mkubwa, Rolande, alikuwa kwenye kiti chake cha hasira, kile cha dirishani. Ghorofa ilikuwa ya tatu, lakini Rolande akianza, wanamsikia hadi duka la vitambaa chini kabisa, na watu wa Saint-Josse, mtaa huu wa Brussels, husema kwamba siku za upepo mzuri hata treni za Gare du Nord hukawia kuondoka ili zisikie maneno yanaishia wapi.

«Yaya, nilikueleza,» Émérance akasema, akimwita dada mkubwa kama wanavyomwita kwao.

«Ulinieleza, oui. Kueleza ni kueleza. Kidevu nayo ni kidevu.»

Mwenye kidevu alikuwa Karimu, mtu wa Bujumbura, wa mtaa wa Buyenzi, mwanafunzi wa Émérance wa kuendesha bus. Na asubuhi hiyo, wakati dada wawili wanagombana jikoni, Karimu alikuwa barabarani na mtahini pembeni yake, katika mtihani wa tatu. Miwili ya kwanza alianguka. Wa nne kampuni haitoi. Simu yake ilikuwa imezimwa tangu alfajiri, na mke wake Rukiya alikuwa amekaa kwenye kona ya meza akichambua mchele wa dukani usio na jiwe hata la dawa, akauchambua ukaisha, akaurudisha kwenye sinia akaanza upya.

Émérance hakuwa na mchele wa kuchambua. Alikuwa na mwiko, na bugali ile ikaona cha moto. Maana si Karimu peke yake aliyekuwa mtihanini. Baada ya kuanguka kwa pili, mkuu wa depo alitaka kumfungia Karimu mlango hapo hapo, na Émérance akaingia ofisini kwake akiwa amevaa gilet yake ya rangi ya machungwa, kizibao kilichoandikwa COACH mgongoni kwa herufi kubwa, akasema: mpe mara moja tena, na akianguka, hii gilet naivua mbele yako na sitafundisha mtu tena. Mkuu alicheka. Émérance hakucheka, na mkuu akaona si mzaha, akakubali.

Gilet ile ilikuwa na safari ndefu nyuma yake. Émérance alizaliwa Bukavu, kwenye mteremko wa Kadutu, mahali ambapo ukiangusha avoka mlangoni mwako, kabla hujainama samaki wa ziwani wameshaigawana. Vita vilimleta Ubelgiji na begi moja. Alisugua ofisi za watu. Kisha miaka mingi aliwaogesha wazee wa Auderghem, kule karibu na msitu, na kila asubuhi alipanda bus ya kwanza akiwa amekaa kiti cha nyuma ya dereva, akitazama miguu ya huyo dereva. Wengine walisinzia, yeye alitazama miguu. Siku moja dereva aligeuka akamwuliza kama viatu vyake vina kasoro. Émérance akamjibu kwamba viatu ni vizuri, ila breki ya pale Montgomery huikanyaga kwa kuchelewa. Dereva alinuna vituo viwili vizima, cha tatu akamwambia kampuni inatafuta watu.

Aliyemfundisha yeye alikuwa mtu wa hapa hapa Brussels, fundi wa kweli, lakini mwenye sauti ya kutikisa vioo. Ukikosea, alipiga kelele mpaka kofia ikageuka yenyewe kichwani mwake. Émérance alijifunza akiwa ameziba moyo kama mtu anavyoziba pua. Alipofaulu alijiapia kwamba siku akiwa na mtu wa kufundisha, hatampandishia sauti. Hakuna aliyewahi kusikia amevunja kiapo hicho, na amefundisha wengi: ukisimama Meiser kwa muda, bus zikipishana na yake huwasha taa, moja baada ya nyingine, kama watoto wanaomkonyezea mama yao kanisani. Yeye ndiye aliyerudisha kinyumenyume bus ile ndefu, yenye kiuno kama siafu, katika kichochoro chembamba kiasi kwamba wenye nyumba iliwabidi washike pumzi ndani mwao ili ipite. Mzee mmoja aliyekuwa akinywa kahawa dirishani alimpitishia kikombe, Émérance akaonja, akamwambia inataka sukari, akamrudishia, na rangi ya bus haikukwaruzwa. Hivyo ndivyo inavyosimuliwa parokiani, na Émérance hajawahi kuikana.

Kwa hiyo walipompa ile gilet, Rolande alitangaza Evere nzima, kule kwenye parokia yao, baada ya misa, kwamba mdogo wake amekuwa coach. Watu wakampa mkono, wakamwuliza coach wa timu gani. Rolande hakuwa mtu wa kusema sijui mbele ya parokia. Akajibu kwamba ni timu ya taifa. Jumapili iliyofuata mzee mmoja akaja na mjukuu wake mwenye mapaja manene, anaomba achukuliwe hata kama kipa wa akiba.

Rukiya ndiye aliyelinyoosha jambo. Alikulia kambini Kigoma, akasoma Kiingereza huko, na akawaeleza wakiwa hapo hapo mezani: kwa Waingereza mtu anayewanoa wengine huitwa coach, awe wa mpira, awe wa kuimba, awe wa bus. Lakini ile bus kubwa ya safari ndefu nayo huitwa coach. Halafu train ni treni, na ni kumfundisha mtu kazi mpaka mikono yake iizoee. Rolande alitaka kujua kama watu hao walikosa maneno au walikosa pesa ya kuyanunua. Émérance akasema, «Bon. Donc mimi ni bus. Mupande.» Wakacheka. Lakini usiku ule alipoitundika gilet mlangoni alilitazama lile neno mgongoni, akaona kwamba waliompa walikuwa wameandika mambo yake yote mara moja bila kujua, akazima taa akiwa na furaha ya mtu aliyepigwa picha akatoka vizuri.

Sasa, Karimu. Kuendesha alijua. Kona alijua, vioo alijua, breki yake ilikuwa laini kama mtu anayelaza mtoto. Tatizo lake lilikuwa adabu. Kwao, kama kwetu, humpi mtu mzima mkono mtupu. Unanyoosha wa kuume, na wa kushoto unashika kiwiko cha huo wa kuume, ndiyo heshima. Karimu alilelewa na bibi ambaye mkono wa kushoto ukichelewa, mjukuu alilala bila kula. Basi mtihani wa kwanza, mwanamke mzee akavuka mbele ya bus, akainua mkono kumshukuru. Karimu akajibu. Mkono wa kuume juu, wa kushoto kwenye kiwiko, na bus ile ya tani nyingi ikaenda zake peke yake kama ng'ombe anayejua nyumbani. Mtahini aliudaka usukani akiwa amelala juu ya magoti ya Karimu.

Mtihani wa pili alikuwa ameapa. Lakini dereva mmoja mzee wa depo alikuja kutoka upande wa pili, kichwa cheupe pe, akapunga. Karimu hakuachia usukani, hapana. Aliushika kwa magoti. Mtahini alishuka kituo kilichofuata, akarudi depo kwa miguu.

Kila mtu alimwambia Karimu jambo moja: acha kusalimia. Akajaribu, na mikono ikawa inaondoka bila ruhusa yake. Émérance peke yake ndiye hakumwambia aache. Yeye mwenyewe, abiria mzee akimpa nauli, mkono wake wa kushoto hutetemeka hapo usukanini ukitaka kwenda. Alijua kwamba huwezi kumng'oa mtu heshima kama jino, bali unaweza kuihamisha chumba. Akamwambia: «Karimu, salamu itoke mikononi, ipande kichwani. Kidevu kinashuka kidogo, pole pole, macho inabakia kwenye route. Bibi yako akikuona kule aliko, atajua ni yeye unainamia.»

Na ili kichwa kijifunze, kilihitaji wazee. Jumamosi kabla ya mtihani wa tatu Émérance aliomba bus tupu ya mafunzo, akawapanga mamans wa parokia kwenye vituo vyote, kutoka Evere mpaka place Saint-Josse, wamevaa bitenge vya Pasaka. Kazi yao ilikuwa moja: bus ikipita, wapunge. Wakapunga. Maman Hadassa alipiga goti juu ya mwavuli wake. Maman Régine alimleta mama mkwe wake, aliye mzee kiasi kwamba anakumbuka Saint-Josse kabla hawajaleta mawe. Watu wengine waliokuwa wakisubiri bus yao ya kawaida waliona bitenge vinapepea, wakadhani mfalme anapita, wakaanza kupunga na wao, na polisi mmoja akapiga saluti. Ndani, Karimu alitoka jasho la kujaza ndoo. Mikono ilikuwa imeganda kwenye usukani kama ukoko kwenye sufuria, na kidevu kinashuka, kinapanda, kinashuka. Émérance nyuma yake alikuwa akihesabu mikono tu, na kila mara ilikuwa miwili.

Kituo cha mwisho kilikuwa cha Rolande. Alikuwa amechagua mwenyewe kuwa wa mwisho, kama mkubwa wao. Bus ikafika, Rolande akainua mkono wake, ule wenye bangili, na akapata kidevu. Ndipo hasira ilipoanza, na ilikuwa bado haijaisha.

«Minajua ni mazoezi,» alisema sasa, huku akipangusa dirisha lililokuwa safi. «Kichwa inajua. Lakini moyo yangu haikuwa na habari. Na kesho batoto wote ba Saint-Josse batatusalimia na kidevu, batasema ni maman coach njo alifundisha.»

Émérance alipunguza moto. Neno hilo lilimgusa pale palipokuwa pakimuuma mwenyewe. Kwa siku kadhaa alikuwa amelala nalo: kwamba labda amempa Karimu kazi na kumpokonya kitu kingine, na kama leo angeanguka, angekuwa amempokonya vyote viwili. Akamwambia dada yake, kwa sauti ya chini, kwamba gilet inaweza kwenda, lakini hilo la adabu asimwambie tena leo.

Rukiya aliweka sinia chini. Hadi hapo alikuwa hajaingilia, maana ni vigumu kuingilia ugomvi wa wakubwa unaomhusu mume wako.

«Mama Rolande,» akasema, «siku ile Karimu alirudi nyumbani akakaa chini mlangoni, hata viatu hakuvua. Nikadhani wamemfukuza. Akaniambia, Rukiya, tangu nitoke Bujumbura sijaona wazee wengi hivyo wamesimama kwa ajili yangu. Akasema wote aliwaweza, isipokuwa mmoja. Pale kituo cha mwisho mkono wa kushoto ulishaanza kuachia usukani. Aliurudisha kwa nguvu. Anasema kama angekuwa amekuheshimu kidogo tu, mkono usingemsumbua.»

Rolande aliacha kupangusa.

«Alisema ni mimi?»

«Wewe. Alisema, yule mama mwenye bangili, nikimpita yule bila kutoa mikono, hakuna mtahini wa kunishinda.»

Rolande alizungusha bangili yake. Akavuta kiti kutoka dirishani, akakileta mezani, akakaa kati ya hao wawili kama mtu aliyefika kwenye mkutano wake mwenyewe.

«Alors,» akasema, «ule mutoto, ni mimi njo nilimumalizia masomo.»

Émérance aliinamia sufuria ili asionekane usoni. Akasema labda ni kweli, yaya.

«Haiko labda. Weye ulimuanza, mimi nikamumaliza. Donc nusu ya ile gilet ni yangu.»

Wakaanza kubishana upya, sasa kwa sauti tofauti, kuhusu nani ataivaa Jumapili. Rolande aliona kwamba mkubwa ndiye anayetangulia misani, na gilet inapendeza zaidi juu ya kitenge cha kijani kuliko juu ya suruali ya kazi. Émérance akamkumbusha kwamba bado haijulikani kama kutakuwa na gilet ya kuvaa. Saa za mtihani zilikuwa zimepita. Rukiya alimpigia tena Karimu, akaweka simu sikioni, akaitoa, akatikisa kichwa: bado imezimwa. Émérance akafunika bugali, akakaa, kisha akasimama tena. Aliwaza jinsi atakavyoivua ile gilet mbele ya mkuu: vifungo kwanza, bila haraka, kichwa juu.

Rolande alimwona. Akamshika mkono.

«Usikilize, mudogo yangu. Ule chef wa depo mimi simuogope. Hata mutoto akianguka, nitaenda kule depo na bamamans wote ba parokia, nitasimama mbele ya bus yake, nitamwambia, monsieur, hii jina haiko ya kampuni, dada yangu alikuwa coach kabla hamujamupatia hii kitambaa, na kama munataka kuivula basi muanze na—»

Mlango wa jikoni ulifunguka. Karimu alikuwa amesimama hapo, anahema kwa ngazi za ghorofa tatu, amevaa koti jipya la udereva ambalo depo huwapa waliofaulu na si mwingine yeyote, mikono ya koti mirefu mno ikifunika vidole, na Rolande, mdomo wazi, akaacha neno pale pale lilipokuwa.