Muuaji Aliyezuiwa na Matanga

Jumamosi niliingia kwenye chumba cha video, hapa Nyalukemba, kuwatafuta wanangu. Hawakuwemo. Mwenye video alikuwa anataka kurekodi mpira juu ya kaseti ya filamu, sehemu ya nne, na mzee mmoja ameifunika kwa kiganja.

"Papa, toa mukono. Hii sehemu ya ine ya muuaji, watu wote walikataa. Anaua mutu moja, kisha ni kilio tu mupaka mwisho."

"Njo maana iko muzuri. Mu zile za kwanza wanakufa watu kumi, hakuna hata jirani anaeleta kiti. Huyu moja walimulilia, wakamupikia matanga, lupango yote ya nyumba ikajaa watu. Muuaji akakosa pa kupita!"

"Watu wanalipa juu ya kuona kisu, papa."

Kiganja hakikuondoka. Mwenye video akachukua sehemu ya pili, ile yenye maiti wengi, akarekodi mpira juu yake.

Nyumbani nikawakuta wanangu wanacheza muuaji. Watatu wamekufa sakafuni, wa nne ameshika mwiko. Nikampa na sufuria: aliyebaki hai apikie matanga. Wafu walifufuka kabla maji hayajachemka, wakauliza mboga ni nini.